Vitufe Nilivyovizima Ulipokuwa Lusewa

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nimejaribu kuanza barua hii bila shikamoo na mkono umegoma.

Nakuandikia nikiwa ofisini, kwenye kile chumba ambacho wewe peke yako ulikiita ofisi, maana wengine wote wanakiona kibanda cha picha. Ile kompyuta yetu imekwisha. Fundi aliifungua, akainusa kama mtu anayekagua maziwa ya jana, akasema, "Dada, hii imeungua hadi ndani." Nikamwuliza kama kuna cha kuokoa. Akahangaika nayo siku nzima, akanirudishia flashi. Brashi zako zote zimo. Picha zimo. Shotikati, ule mpangilio wetu wa kila kitufe na kazi yake, hazimo, kwa sababu programu ilizihifadhi mahali pengine ambapo hakuna aliyekumbuka kunakili, na huyo "hakuna" ni mimi.

Kwa hiyo tangu Jumatatu nimekaa mbele ya mashine mpya nikiifundisha upya. Kitufe hiki kilete brashi pana, hiki kilete nyembamba, hiki kikuze picha, hiki kiipunguze. Ukurasa wa mipangilio una orodha ndefu, na mbele ya kila kazi kuna kisanduku kitupu kinachosubiri uguse kitufe unachokitaka. Ni kazi ya nusu saa kwa mtu aliyetulia. Mimi leo ni siku ya nne.

Jumamosi ni misa yako ya mwaka. Shangazi ameagiza picha kubwa ya kuweka mbele, na hawezi kwenda kwa mtu mwingine wakati ukoo una mchoraji. Picha ilikuwa haiishi. Sababu nitakueleza, ila itabidi univumilie nianzie mbali, kama ulivyokuwa ukinianzia mbali wewe ulipotaka kunigombeza.

Unakumbuka tulivyoanza? Mabango ya plastiki yalikuwa yameshaingia mjini na hakuna aliyekuita tena kuandika kwa mkono. Mtu aliyepaka nusu ya milango ya bucha za Songea, aliyechora vichwa vya wanawake kwenye saluni kuanzia Lizaboni hadi Bombambili, alikuwa anashinda barazani Matogoro akiukosoa mlima. "Ule ukungu umekaa vibaya leo," ulikuwa ukisema, kana kwamba kuna mtu aliuweka. Mimi nilikuwa nimejifunza kuchora kwenye kompyuta kwa kutazama video za watu ambao sikuelewa hata lugha yao, nikifuata mikono tu. Nilikuwa na kile kibao cheusi cha kuchorea na kalamu yake, nilivyovinunua vikiwa vimetumika kwa mwalimu aliyekuwa anahama. Watu wakaanza kuleta picha zao za simu niwachoree: maharusi, wahitimu, marehemu. Hasa marehemu.

Ukaja siku moja kuangalia. Ukasimama nyuma yangu na kofia mkononi. Baada ya muda ukauliza, "Na mimi nishike nini?"

Nikakusogezea kibodi. "Shika hii."

Nilikupa kama anavyopewa mgeni gazeti. Hukuichukua hivyo. Ukavuta kiti, ukauliza kila kitufe kina kazi gani, na nilipokuambia brashi ni B ukatikisa kichwa kukubali na kusema, "Hapo angalau wametufikiria." Vingine vyote ukavikataa. Ukasema aliyevipanga hajawahi kushika rangi maishani, anaruka huku na huku kama panzi. Ukanifungulisha ukurasa wa mipangilio tukaanza upya, wewe umelaza mkono wa kushoto juu ya kibodi umefumba macho, unataja, mimi naandika. Brashi inayotumika sana ikae chini ya kidole cha shahada. Rangi chini ya cha kati. Kukuza na kupunguza vikae jirani, "kama mume na mke, wakigombana wasikilizane." Kitufe cha kurudisha nyuma, kile kinachofuta kosa ulilofanya sasa hivi, ulikiita Toba, ukakipeleka kona ya juu kulia, mwisho kabisa wa kibodi.

"Baba, hicho ndicho ninachokitumia kuliko vyote."

"Ndiyo maana kinakwenda mbali. Kwenye mabango ya bati sikuwahi kuwa nacho."

Na ukaniwekea kiwango: toba tatu kwa picha moja. Ya nne ulikuwa unakunja mikono. Nikikosea mstari wa pua nikasema, "Toba, Baba," ulikuwa unajibu, "Umemaliza. Ufanyie kazi huohuo." Nilikuchukia kwa dakika kumi hivi kila siku. Pua zangu zikawa nzuri.

Halafu zile brashi. Ulikuja na kopo lako la kahawa limejaa brashi za kweli, na kila moja tukaipigisha wino kwenye karatasi, nikaipiga picha kwa simu, nikaigeuza kuwa brashi ya ndani ya mashine. Ilituchukua wiki nzima, na wewe ndiye uliyezipa majina. Kuna Kipara, ile iliyokatika nywele, ambayo kwa maajabu ndiyo inayochora nywele vizuri. Kuna Mshenga, wa kukutanisha rangi mbili zisizotaka kuonana. Kuna Mama Mkwe, ambayo haigusi kitu bila kuacha alama. Nikitaka brashi nilikuwa natamka jina tu, unabonyeza, inakuja. Macho yangu hayakutoka kwenye picha hata mara moja. Wachoraji wa kwenye video wana mikono miwili. Mimi nilikuwa na mitatu.

Wateja walizoea kutuona hivyo. Yule afisa kilimo aliyehamia kutoka Musoma alipokuja mara ya kwanza aliuliza, bila hata kukaa, "Samahani, kati yenu fundi ni nani?"

Ukamjibu, "Yeye usukani, mimi gia."

"Na breki?"

"Breki ni wewe mteja, na ndiyo umeanza kukanyaga. Kaa."

Akakaa. Tangu hapo hakuwahi kupita barabarani bila kuingia kukusalimia.

Sasa nafika mahali pabaya.

Macho yako yalianza na jioni. Ulisema taa za mjini zimekuwa na miduara. Hospitali wakasema ni presha ya macho, wakatoa dawa ya matone, wakasema pia kwa upole kwamba kilichokwisha kwenda hakirudi. Ulitoka pale ukiniambia daktari ni kijana mzuri, ana meno mazuri. Jicho la kushoto likaanza kuingia weupe, na baadaye la kulia likalifuata.

Ulikuwa umeshajiandaa kuliko nilivyojua. Ulichukua rangi ya mafuta ukaweka tone moja moja juu ya vitufe vyetu kumi na kimoja, ukayaacha yakauke yakawa vinundu, ili kidole kivione. Kwa miezi kadhaa vilikutosha. Kisha ikatokea siku ile ya picha ya bibi wa Mfaranyaki, wajukuu zake wanaingoja kwa ajili ya mazishi ya kesho yake. Nilikuwa nimemaliza uso. Nikasema, "Mshenga, Baba." Mkono wako ulikuwa umehama safu moja bila wewe kujua. Ulibonyeza kufuta tabaka zima lenye uso. Kwenye kioo ikabaki shingo, na kitambaa cha kichwani kimeelea juu ya hewa.

"Imekuja?" ukauliza.

Nikasema, "Kompyuta imeganda kidogo, Baba."

Huo ndio uongo wa kwanza. Niliona ni huruma. Niliusema kwa sauti ya kawaida kabisa, na ulitoka kwa urahisi ulionishangaza. Toba iliurudisha uso wa bibi, lakini mkono wako ukahama tena kesho yake, na keshokutwa. Ningeweza kukuambia. Ningesema, Baba, mkono unahama, tuweke kinundu kikubwa pale mwanzo uanzie hapo. Ungetafuta ufumbuzi kabla sijamaliza sentensi, maana hivyo ndivyo ulivyokuwa. Badala yake nikasubiri uende kwenye msiba Lusewa.

Ulikaa huko siku tatu. Siku ya pili asubuhi nilifungua ukurasa wa mipangilio. Kile kibao changu kina vitufe vyake vidogo pembeni, ambavyo hatukuwahi kuvitumia kwa sababu nilikuwa na wewe. Nikahamishia kazi zote huko. Kisha nikarudi kwenye kibodi, nikaanza kuondoa ulichopanga. Kila ninapoondoa kitufe programu inauliza: Una uhakika? Iliniuliza mara kumi na moja, Baba. Mara kumi na moja nikasema ndiyo.

Uliporudi umebeba ufuta kwenye kifuko, ukaketi, ukalaza mkono wako kwenye vinundu, ukasema, "Haya, twende." Nikasema, "Kipara, Baba." Ukabonyeza. Mimi nikabonyeza cha pembeni. Brashi ikaja.

Tulifanya kazi hivyo tangu Kwaresima mpaka mahindi yalipovunwa. Ulikuwa na furaha. Hilo ndilo linaloniua. Ulisema, "Siku hizi mashine imekuwa nyepesi." Ulimwambia yule wa Musoma, "Unaona? Macho hayapo lakini gia zinaingia." Naye akanitazama mimi, mimi nikatazama kioo.

Asubuhi ile ulikuja mapema kuliko mimi. Bodaboda alikuwa amekushusha, ukafungua mwenyewe kwa kupapasa, nikakukuta umeshakaa mahali pako. Afisa kilimo alikuwa benchi la nje na kikombe cha chai, anasubiri picha ya harusi ya mdogo wake. Nikawasha mashine. Nikasema, "Kipara." Ukabonyeza. "Safi, Baba." Nikasema, "Mshenga." Ukabonyeza. "Hapohapo." Nikasema, "Kuza kidogo." Ukabonyeza. "Asante, Baba, imetosha."

Ukainua mkono wa kulia kutoka chini ya meza. Ulikuwa umeshika waya wa kibodi. Ncha yake ilikuwa inaning'inia, haikuchomekwa popote.

Uliuweka juu ya meza taratibu, ukaunyoosha, kama mtu anayeweka kijiko baada ya kushiba.

"Tangu lini?" ukauliza.

"Tangu Lusewa."

Ukahesabu kwa vidole, nadhani miezi. Afisa kilimo alikuwa ameacha kunywa chai. Ukasimama, ukatafuta kofia yako, nikakupa. Ukasema, "Imalize hiyo harusi ya watu." Ukamuaga yule bwana vizuri kabisa, ukamwuliza habari za mvua za kwao Musoma, ukasubiri jibu lote. Kisha ukaita bodaboda kwa mluzi. Hukurudi tena ofisini.

Ningefurahi kama ungenigombeza. Nilikuwa nakuja Matogoro kila jioni na ulinipokea kama kawaida, tukazungumza habari za mbolea, paa linalovuja, padri mpya anayehubiri kwa haraka kana kwamba ana basi la kuwahi. Kila kitu tulikizungumza isipokuwa kile. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara ya kwanza nikakuuliza kama umetia dawa. Mara ya pili nikakuongezea mboga. Mwaka mzima, Baba. Halafu baridi ya Julai ikaingia, kifua kikabana, na siku nne baadaye nilikuwa nachagua picha yako ya kitambulisho ya kubandika kwenye msalaba.

Sasa ujue kwa nini picha yako ya misa ilikuwa haiishi. Ni macho. Shangazi alisema wazi: "Umchore kama alivyokuwa zamani, macho yake mazuri yale, yanayocheka." Nilifanya hivyo. Nilichora macho meusi, makali, yenye nuru pembeni, na yakatoka vizuri sana, kazi ambayo ningemwonyesha mtu yeyote. Nikaenda kunywa maji, nikarudi, nikakuona unanitazama kutoka kwenye kioo, na nikatambua ninachofanya. Nilikuwa naleta tena brashi ambayo mkono wako haukuileta, na kusema, asante Baba, imetosha.

Nikayaondoa. Nikachora mengine, yakawa ya mzee fulani mwenye afya ninayemheshimu lakini simjui. Nikayaondoa nayo. Jana asubuhi nikaacha kuyakwepa, nikayachora yalivyokuwa: weupe wa kushoto uliotanda, wa kulia unaofuata, na ile namna ya kuinamisha kichwa kidogo ili kusikia mtu yuko wapi. Nilidhani itanichukua siku nzima. Ilichukua muda mfupi tu. Ndipo nikajua nilikuwa nimeyatazama sana kuliko nilivyokubali.

Mchana Shangazi akaja kukagua. Unamjua dada yako, hasalimii kabla ya kukosoa. Alisimama mlangoni na mwavuli wake.

"Umemchora kipofu."

"Alikuwa haoni, Shangazi."

"Mimi najua alikuwa haoni. Watu wa misa wanataka nini na hilo? Kuna maiti anayechorwa pamoja na kikohozi chake?"

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Rudisha yale macho."

Nikamwambia siwezi. Akauliza mashine inakataa au mimi. Nikasema mimi. Na kwa kuwa alikuwa ameshakaa kwenye kiti chako bila kujua ni chako, nikamwambia yote: bibi wa Mfaranyaki, kompyuta kuganda, mara kumi na moja, waya. Sijawahi kumwambia mtu mwingine. Nilitarajia anipige na mwavuli.

Akatoa leso, akaikunja tena bila kuitumia.

"Najua," akasema. "Alikuja kwangu siku hiyohiyo. Alikuwa anasikia milio miwili ya vitufe. Wake, na mwingine mdogo baada yake. Akasema alivumilia wiki tatu akidhani ni masikio nayo yanakwenda. Ndipo akachomoa waya."

"Alinikasirikia sana?"

"Kukukasirikia?" Akaniangalia kama vile mimi ndiye nisiyeona. "Aliona aibu, mwanangu. Alisema, nimemchosha mtoto mpaka ameanza kunidanganya ili nikae kitini. Alisema, kumbe alikuwa anafanya kazi mbili, yake na ya kunitunza, na mimi najisifu kwa wateja. Akaniomba nisikwambie, usije ukajisikia vibaya."

Baba, nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yako. Mwaka mzima nimekuwa nikikujibu kichwani, nikijitetea, nikikuambia kwamba wajukuu walikuwa wanasubiri, kwamba ningefanya nini. Hili sikuwa nimejiandaa nalo. Ulikuwa unakaa pale barazani jioni zote zile, ukiniuliza habari za mbolea, ukiwa na aibu mbele yangu. Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda cha pili nikiwa na aibu mbele yako. Tukawa tunapitishiana bakuli la mboga.

Hukunichosha. Naomba unisikie vizuri hapa, maana nimechelewa na sina njia nyingine ya kukufikishia. Kazi ilikuwa nyepesi ukiwapo, hata mkono ulipohama, hata siku ya yule bibi asiye na uso. Sikuvizima vile vitufe kwa sababu wewe ulikuwa mzigo. Nilivizima kwa sababu niliogopa kukuambia kitu kimoja cha kweli, na nikaona ni rahisi zaidi kukuigizia miezi mingi kuliko kukusikitisha kwa dakika tano. Nilikuchukulia kama mtu wa kutulizwa. Hukuwa mtu wa namna hiyo hata siku moja.

Samahani, Baba.

Shangazi aliitazama picha muda mrefu kabla ya kuondoka. Aliinama karibu na kioo mpaka nikaogopa atakigusa kwa pua. Akauliza, "Yalikuwa meupe kiasi hiki kweli?" Nikamwambia yalikuwa meupe zaidi. Akasema hakuwahi kuyaangalia vizuri, kila alipokuja alikuwa anaangalia kofia. Halafu akafungua mwavuli wake humuhumu ndani, akakumbuka yuko wapi, akaufunga. "Haya, kaichapishe," akasema. "Ila kola umeipinda."

Kola nimeinyoosha. Picha inachapishwa kesho, na Jumamosi itasimama mbele ya watu wote. Najua wapo watakaonong'ona kwamba binti kashindwa macho ya baba yake. Nitakaa benchi la mbele waweze kuja kuniuliza. Nitawaambia baba yangu alikuwa haoni, na kwamba mkono wake ulipohama mimi nilipaswa kumwambia.

Pumzika, Baba. Kuna baridi Matogoro wiki hii, na ukungu umekaa vizuri.

Ni mimi,
binti yako wa mwisho.